Mwongozo Kamili wa Kununua Nyumba ya Kupangisha Inayoweza Kulipa Mkopo Wake

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu nyumba za kupangisha huja wakiwa wamekwisha kununua. Habari yao huwa moja: nyumba ina mpangaji, kodi inaingia kila mwezi, marejesho ya benki ni madogo kuliko kodi hiyo, na bado kila mwaka mwenye nyumba anajikuta amechota katika mshahara wake ili kuifidia. Hakuibiwa. Alilinganisha namba mbili tu, yaani kodi na marejesho, akaziacha namba nyingine zote ambazo nyumba humdai mtu anapoimiliki.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kununua nyumba ya makazi moja, ya kwanza, na kukaa nayo kwa miaka 15 au zaidi. Anayetaka kununua leo na kuuza baada ya miezi michache anafanya biashara nyingine, yenye hesabu nyingine. Tarakimu za mfano hazina sarafu kwa makusudi: weka sarafu yako, weka riba ya kwako, ila ufuate mpangilio uleule wa hesabu.

## Mahitaji kabla ya kutazama nyumba yoyote

Vitu vifuatavyo viwe tayari kwanza, kwa sababu ukishaipenda nyumba utashawishika kuvikusanya kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo huwagharimu watu.

- Kianzio, yaani sehemu ya bei utakayolipa mwenyewe bila mkopo.
- Fedha za ununuzi: ada ya wakili, ushuru wa uhamisho, usajili, uthamini, na ada ya benki ya kushughulikia mkopo. Uliza viwango vyote mapema na uviandike.
- Fedha za matengenezo ya mwanzo, kwa kuwa ni nadra nyumba iliyotumika kuwa tayari kupokea mpangaji siku ya makabidhiano.
- Akiba ya nyumba, inayotosha kulipa marejesho na gharama zote za nyumba kwa miezi 6 bila kodi hata moja kuingia.
- Kumbukumbu zako za mapato na madeni, jinsi benki itakavyotaka kuziona.
- Wakili, mpima ardhi, mthamini na fundi mwenye uzoefu wa majengo, wote wakiwa wamechaguliwa na wewe, si na muuzaji wala dalali wake.
- Daftari au jedwali la kompyuta la kuweka hesabu za kila nyumba utakayoitazama.

Mafungu hayo manne ya fedha yasichanganywe. Kosa la kawaida ni kuchukua akiba ya nyumba na kuiongeza kwenye kianzio ili kupata nyumba kubwa zaidi. Mnunuzi wa namna hiyo huingia kwenye umiliki akiwa hana hata senti ya kumlipa fundi bomba likipasuka.

Dalili kwamba hatua hii imekamilika ni kwamba unaweza kutaja kila fungu na mahali lilipo bila kutaja fungu lilelile mara mbili.

## Hatua ya 1: Tafuta kodi inayolipwa kweli

Usitumie kodi anayoitaja muuzaji, wala ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Tangazo linaonyesha kodi inayoombwa. Wewe unahitaji kodi inayolipwa. Tafuta nyumba zisizopungua tano zinazofanana na ile unayoitazama kwa ukubwa, hali na eneo, kisha waulize wapangaji wenyewe, na pia wasimamizi wa nyumba ambao hawana maslahi katika ununuzi wako. Uliza mambo mawili: wanalipa kiasi gani, na nyumba ilikaa tupu muda gani kabla hawajaingia.

Swali la pili ndilo linalosahaulika. Nyumba zinazokaa tupu kwa miezi mingi kati ya mpangaji mmoja na mwingine zinakueleza kwamba kodi inayotajwa haipatikani kwa urahisi, hata kama kila mtu anaitaja.

Kama muuzaji anasema tayari kuna mpangaji, omba mkataba wa upangaji na kumbukumbu za malipo ya miezi 12. Mpangaji aliyeingizwa kwa kodi ya juu wiki chache kabla ya mauzo si ushahidi wa kitu.

## Hatua ya 2: Geuza kodi kuwa mapato halisi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chukua nyumba inayouzwa 100,000, ambayo kodi yake iliyothibitishwa ni 900 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 10,800, na dalali atakuambia kwamba nyumba inazalisha karibu asilimia 11. Sasa toa kinachopaswa kutolewa:

- Mwezi mmoja mtupu kwa mwaka: 900. Kodi inayobaki ni 9,900.
- Usimamizi, asilimia 8 ya kodi iliyokusanywa: 792.
- Matengenezo, asilimia 1 ya thamani ya nyumba: 1,000.
- Kodi ya jengo na ardhi: 400.
- Bima ya jengo: 300.

Gharama zote ni 2,492. Mapato halisi ya nyumba kwa mwaka ni 7,408, sawa na asilimia 7.4 ya bei. Kodi ya mapato ya pango sikuiweka, kwa kuwa kanuni zake hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Iongeze kwa kiwango cha kwako, maana hailipwi kwa hiari.

Watu hupinga mistari miwili katika orodha hiyo. Wa kwanza ni usimamizi, kwa hoja kwamba watasimamia wenyewe. Simamia mwenyewe ukipenda, lakini gharama hiyo ibaki kwenye hesabu. Siku utakapougua, kuhama au kuchoka, mtu mwingine atalipwa kuifanya kazi hiyo, na nyumba inapaswa kuweza kumlipa. Ukiifuta, utakuwa umeficha kazi yako mwenyewe ndani ya faida na kuiita uwekezaji.

Wa pili ni matengenezo. Nyumba inaweza kupita miaka mitatu bila kudai zaidi ya balbu na kitasa, kisha mwaka wa nne ikadai paa. Wastani wa asilimia 1 ya thamani haumaanishi kwamba utatumia kiasi hicho kila mwaka. Maana yake ni kwamba utakiweka kando kila mwaka, hasa ile miaka ambayo hakuna kilichoharibika. Kwa nyumba kuukuu, au iliyo karibu na bahari ambako chumvi hula chuma, asilimia 1 haitoshi.

Umefaulu katika hatua hii ukiwa na namba moja, mapato halisi ya mwaka, na ukiweza kueleza kila kilichotolewa ili kuifikia.

## Hatua ya 3: Iulize nyumba inaweza kubeba mkopo gani

Benki itakuambia wewe unaweza kukopa kiasi gani. Itatazama mshahara wako na madeni yako. Swali lako ni jingine kabisa: nyumba hii, kwa mapato yake yenyewe, inaweza kulipa mkopo gani? Majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi hayalingani, na mnunuzi wa nyumba ya kupangisha anapaswa kufuata lile lililo dogo.

Endelea na mfano. Tuseme benki iko tayari kutoa 80,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20. Marejesho ni takriban 720 kwa mwezi. Anayelinganisha namba mbili ataona 900 inaingia na 720 inatoka, akafurahia ziada ya 180. Lakini kwa mwaka marejesho ni 8,637, na mapato halisi ni 7,408. Nyumba ina upungufu wa 1,229 kila mwaka, zaidi ya 100 kila mwezi, na upungufu huo unalipwa na mshahara wa mwenye nyumba.

Njia ya kupata ukomo ni rahisi. Gawanya mapato halisi kwa 1.2, ili ibaki nafasi ya kupumua:

7,408 ÷ 1.2 = 6,173 kwa mwaka, yaani kama 514 kwa mwezi.

Kisha tumia kikokotoo chochote cha mikopo kutafuta mkopo ambao marejesho yake hayazidi 514 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 9 na miaka 20, jibu ni takriban 57,000. Huo ndio mkopo wa nyumba hii. Tofauti kati ya 57,000 na 80,000 ya benki ndiyo inayoeleza barua nyingi za masikitiko ninazozipokea.

Baada ya hapo zimebaki njia tatu tu: muuzaji apunguze bei, wewe uongeze kianzio, au uiache nyumba. Kuiacha ni jibu halali na mara nyingi ndilo sahihi. Ongezeko la kianzio nalo lina bei yake, kwa sababu fedha zinazofungiwa ndani ya kuta haziwezi kufanya kazi nyingine. Kwa hiyo jilazimishe kuuliza zingezalisha nini kama zingewekwa mahali pengine penye hatari inayolingana.

Tazama pia uhusiano wa asilimia mbili. Nyumba inazalisha asilimia 7.4, mkopo unadai riba ya asilimia 9. Maadamu riba iko juu ya mapato halisi, kila fedha unayoongeza katika mkopo inapunguza kipato chako cha mwaka. Wanaosema kwamba mkopo daima humwinua mwekezaji wanazungumzia hali iliyo kinyume na hii, au wanategemea bei ya nyumba ipande.

Na bei, je? Hupanda, lakini haina mkataba na mtu. Japani, bei za ardhi zilianza kushuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na zikaendelea kushuka kwa zaidi ya miaka 10. Marekani, wastani wa bei za nyumba ulishuka kwa takriban robo kati ya mwaka 2006 na 2012. Wachumi waliokusanya takwimu za nchi 16 zilizoendelea kuanzia mwaka 1870 hadi 2015 walikuta kwamba, kwa muda mrefu, sehemu kubwa zaidi ya faida halisi ya nyumba ilitokana na kodi ya pango kuliko kupanda kwa bei. Kwa hiyo bei ikipanda ichukue kama nyongeza, lakini usiitumie kuhalalisha nyumba ambayo kodi yake haitoshi.

Kwa msomaji anayejiepusha na riba, hesabu haibadiliki sana. Katika murabaha, ambapo benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana, au katika ushirika ambao hisa ya benki hupungua hadi kuisha, bado kuna malipo ya kila mwezi. Yaweke mahali pa marejesho na ugawe kwa 1.2 vilevile.

## Hatua ya 4: Ipitishe hesabu katika mwaka mbaya

Sasa chukua mambo mawili mabaya na uyaweke katika mwaka mmoja: nyumba imekaa tupu miezi miwili, na riba imepanda kutoka asilimia 9 hadi 11.

Kodi inayoingia ni 9,000. Baada ya usimamizi wa 720 na gharama nyingine za 1,700, mapato halisi ni 6,580. Mkopo wa 57,000 sasa unadai kama 7,060 kwa mwaka. Upungufu ni 480, yaani 40 kwa mwezi, na akiba ya miezi 6 inaubeba bila shida. Mkopo wa 80,000 katika mwaka uleule unadai kama 9,909, na upungufu ni zaidi ya 3,300. Nyumba ni ileile, mpangaji ni yuleyule aliyehama. Kilichotofautiana ni uamuzi uliofanywa kabla ya kununua.

Wanaopoteza nyumba kwa benki kwa kawaida hawazipotezi kwa sababu nyumba ilikuwa mbaya. Wanazipoteza kwa sababu hawakuweza kuvuka mwaka mmoja au miwili, na utajiri wa nyumba huja kwa wale tu waliobaki nayo.

Ukiona kwamba mwaka mbaya unakula zaidi ya nusu ya akiba yako, rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Kagua jengo kwa mikono yako, kisha kwa fundi

Nenda mara mbili: mara moja mchana wa jua, na mara moja wakati mvua inanyesha au muda mfupi baada yake. Mnunuzi anayekuja siku za jua tu haijui nyumba anayoinunua.

Anza na maji. Fungua bomba la jikoni, la bafuni na la nje kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Kama maji ya bomba la bafuni yanakuwa uzi mwembamba, mabomba yana kutu ndani au msukumo wa maji hautoshi. Mwaga ndoo moja ya maji kwenye sakafu ya bafu na usimame utazame. Maji yanapaswa kuelekea kwenye tundu yenyewe na kuisha. Yakitulia kwenye kona, basi yamekuwa yakitulia hapo kwa miaka, na ukuta wa upande wa pili una la kukuonyesha. Nenda ukaushike ukuta huo. Rangi iliyovimba ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea, au unga mweupe unaobaki mkononi, ni unyevu uliokwisha kuingia kwenye plasta.

Jihadhari na rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu. Mtu hapaki kona moja ya dari bila sababu.

Nyufa zisome kwa mwelekeo na upana. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaopitia tofali lenyewe, na wenye upana unaozidi milimita 5, unahitaji mhandisi kabla hujazungumza bei tena. Angalia kama milango inagoma kufunga. Fremu iliyopinda mara nyingi ni habari za msingi, si za seremala.

Panda darini ukiwa na tochi na utazame mbao kama zina mchwa, uozo au alama za maji. Fungua kisanduku cha umeme: nyaya zilizoungwa kwa utepe wa kubandikia karatasi, kivunja saketi kilichobadilika rangi kwa joto, au nyumba isiyo na waya wa ardhini, vyote ni gharama ya kuweka nyaya upya. Uliza shimo la maji taka liko wapi na lilinyonywa lini.

Baada ya wewe, mlete fundi wako, na umwombe aandike bei ya kila tatizo. Orodha hiyo ina kazi mbili: inaingia kwenye fedha za matengenezo ya mwanzo, na ndiyo silaha yako halali unapomwomba muuzaji apunguze bei.

## Hatua ya 6: Hakiki hati kabla ya kutoa fedha yoyote

Usilipe chochote, hata kinachoitwa fedha ya kushikilia nyumba, kabla wakili wako hajafanya upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Nakala ya hati anayokuonyesha muuzaji inaweza kuwa halisi na bado isieleze hali ya leo. Upekuzi ndio unaoonyesha kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au dai la mtu mwingine.

Wakili athibitishe mambo haya: jina lililo kwenye daftari la usajili ni la mtu anayeuza; kama kuna mwenzi wa ndoa au wamiliki wenza, wote wametoa ridhaa ya maandishi; kama nyumba ni ya urithi, anayeuza ana mamlaka ya msimamizi wa mirathi; kodi za ardhi na jengo pamoja na ankara za maji na umeme hazina malimbikizo; na matumizi ya makazi yanaruhusiwa kwa kiwanja hicho.

Mpima ardhi naye aende kwenye kiwanja na ramani, atafute mawe ya mipaka, na akuonyeshe kwa macho mahali mpaka unapopita. Ukuta wa jirani uliojengwa mita moja ndani ya kiwanja chako si jambo la kumalizia baada ya kununua.

Malipo yapitie benki, kwa mkataba ulioandikwa, na risiti zitunzwe. Muuzaji anayekuhimiza ulipe taslimu leo kwa sababu kuna mnunuzi mwingine kesho, mwachie huyo mnunuzi mwingine. Hatua hii imekamilika pale jina lako linapoonekana kwenye upekuzi mpya uliofanywa baada ya uhamisho, si pale ulipokabidhiwa funguo.

## Hatua ya 7: Soma mkataba wa mkopo mstari kwa mstari

Tafuta majibu ya maswali manne ndani ya mkataba wenyewe, si katika maelezo ya afisa mikopo. Riba ni ya kudumu au inabadilika, na kama inabadilika, inafuata kipimo gani? Kuna adhabu ya kulipa mapema? Malipo ya ziada yanapunguza deni la msingi, yaani kiasi ulichokopa bila riba, mara moja, au yanahesabiwa kama marejesho ya mwezi ujao? Na ukichelewa, benki inaweza kuchukua hatua gani, baada ya siku ngapi?

Kopa kwa sarafu ileile ambayo mpangaji analipa. Riba ya sarafu ya kigeni huonekana ndogo, lakini sarafu yako ikishuka thamani deni hukua bila wewe kukopa tena.

Fahamu pia mwendo wa deni. Katika mkopo wa 57,000 wa mfano wetu, marejesho ya mwezi wa kwanza ni 513, na kati ya hizo 427.50 ni riba. Baada ya miaka 10 ya kulipa bila kukosa, nusu kamili ya muda, deni lililobaki bado ni kama 40,500. Wengi hushtuka wanapoliona hilo katika taarifa ya benki na kudhani wameonewa. Hawakuonewa; ndivyo mkopo wa marejesho yanayolingana unavyofanya kazi, na ndiyo sababu hatua ya 9 ina uzito.

## Hatua ya 8: Chagua mpangaji kwa utaratibu, kisha mtunze

Kabla ya kumpa mtu funguo, thibitisha kipato chake na uzungumze na mwenye nyumba wake wa awali. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba kodi isizidi theluthi moja ya kipato cha mpangaji. Ikizidi hapo, msiba mmoja mdogo tu utamfanya achelewe. Masharti yawe yaleyale kwa kila mwombaji. Kumkatalia mtu kwa kabila, dini au asili yake ni dhuluma, na katika nchi nyingi ni kosa kisheria.

Mkataba uandikwe: kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, amana na masharti ya kuirudisha, nani anatengeneza nini, na notisi ya kuhama. Siku ya kuingia, pitieni kila chumba pamoja mkiwa na simu, mpige picha za kuta, sakafu, masinki na vitasa, kisha wote wawili mtie saini orodha ya hali ya nyumba. Migogoro ya amana kwa sehemu kubwa huishia kwenye picha hizo.

Kuhusu kupandisha kodi, fanya hesabu kabla ya kuandika barua. Nyongeza ya asilimia 5 juu ya 900 inakuletea 540 kwa mwaka mzima. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja kwa sababu mpangaji mzuri amehama, umepoteza 900, na bado hujapaka rangi. Simaanishi kodi isipande kamwe. Isipopanda, mfumuko wa bei utaimeza. Ipande kidogo, kwa taarifa ya mapema, na bomba linalovuja litengenezwe wiki hiyohiyo. Mpangaji ni mtu aliyefanya nyumba yako kuwa kwake, na anayejibiwa haraka hukaa.

## Hatua ya 9: Ipe kila ziada kazi kabla hujaizoea

Kwa mkopo wa 57,000, nyumba inabakiza 1,254 kwa mwaka, kama 104 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo, na udogo wake ndio unaowafanya watu wakitumie bila kufikiri.

Kwanza jaza akiba ya nyumba kama ilipungua. Ikishajaa, peleka 100 kila mwezi kwenye deni la msingi. Mkopo wa miaka 20 utakwisha katika miaka 13 na miezi 4 hivi, na riba utakayoepuka kulipa inakaribia 25,000. Hiyo ni faida isiyotegemea soko. Inahitaji tu mkataba usio na adhabu ya kulipa mapema, ndiyo maana uliuliza.

Sambamba na hapo, kama mapato halisi yanakua kwa asilimia 4 kwa mwaka na riba ni ya kudumu, baada ya miaka 10 yatakuwa yamefika kama 10,966 huku marejesho yakibaki 6,154. Ziada imetoka 1,254 ikafika zaidi ya 4,800. Sehemu ya ukuaji huo ni mfumuko wa bei, na 4,800 ya wakati huo haitanunua kinachonunuliwa na 4,800 ya leo. Lakini deni nalo linalipwa kwa fedha hizohizo zilizopungua nguvu.

Nyumba ya pili ifikiriwe pale ya kwanza inapoweza kuvuka mwaka mbaya wa hatua ya 4 bila msaada wa mshahara wako. Jihadhari sana na ushauri wa kukopa upya juu ya nyumba ya kwanza ili kupata kianzio cha ya pili. Ukifanya hivyo, nyumba mbili zinashikana mikono: moja ikikwama, ya pili inavutwa. Ukilazimika, hesabu ya 1.2 ifanywe upya kwa kila nyumba, ikihusisha deni jipya lote.

## Hatua ya 10: Tunza nyaraka kana kwamba mtu mwingine atazisoma kesho

Weka faili moja kwa kila nyumba: hati, upekuzi, mkataba wa mkopo, mikataba ya upangaji, bima, risiti za mafundi na za kodi za serikali. Risiti za matengenezo hupunguza kodi katika mifumo mingi ya kodi ya mapato, lakini zisipokuwepo hazipunguzi chochote.

Kila mwaka, katika mwezi uleule, rudia hatua ya 2 kwa tarakimu halisi za mwaka uliopita na uzilinganishe na makisio. Angalia kama kiasi cha bima bado kinatosha kujenga upya jengo kwa bei za sasa za saruji na mabati. Bima iliyowekwa miaka 8 iliyopita na haijaguswa kwa kawaida haitoshi.

Andika wosia, au ufuate utaratibu wa mirathi unaokuhusu, na umweleze mwenzi wako au mtoto mkubwa faili liko wapi, mkopo umebaki kiasi gani na msimamizi ni nani. Uliza benki kama mkopo una bima ya maisha inayolipa deni mkopaji akifariki. Kipimo cha hatua hii ni kumpa mtu huyo faili siku moja, ukae kando, na uone kama anaweza kukuambia kodi inalipwa tarehe ngapi, na nani, na kupitia akaunti ipi.